Jean Périer, kutoka opereta hadi Pelléas

Jioni hii nimesikiliza tena Pelléas et Mélisande, opera ya mtunzi Mfaransa Debussy. Nikifika tendo la nne huacha kila ninachofanya. Wapenzi wawili wako nje usiku, hatimaye wanaambiana wanapendana, na okestra nzima inanyamaza. Pelléas anasema "nakupenda", Mélisande anamjibu kwa sauti ya chini kabisa. Hakuna noti ndefu ya kuombea makofi, ni maneno tu.

Wa kwanza kuyaimba maneno hayo ya Pelléas, katika jumba la Opéra-Comique la Paris, tarehe 30 Aprili 1902, alikuwa Jean Périer. Huyu bwana nampenda sana, na inaniuma anapotajwa kwa mstari mmoja kisha watu wakapita. Desemba 1898 alikuwa jumba la Bouffes-Parisiens, akiimba nafasi ya Florestan katika Véronique, opereta (mchezo mwepesi wa nyimbo na vichekesho) ya André Messager yenye wimbo wa punda na wimbo wa pembea. Na siku ya Pelléas, aliyeongoza okestra ni nani? Messager huyohuyo!

Périer hakuwa na sauti ya kutikisa kuta. Ilikuwa ile baritoni nyepesi, yaani sauti ya kati ya kiume, inayopanda hadi kuugusa mpaka wa tenor, sauti ya juu ya kiume. Wafaransa huiita baritoni-Martin, kwa jina la mwimbaji Jean-Blaise Martin. Kwenye kwaya zetu mtu wa namna hiyo huhamishwa kila mara, leo sauti ya tatu, kesho ya nne. Debussy mwenyewe alikubali kumrekebishia baadhi ya noti. Alichokuwa nacho Périer ni matamshi: kila neno lilifika. Mimi naamini opereta ndiyo iliyomnoa. Kule mzaha usiposikika umekufa papo hapo, kwa hiyo mwimbaji hujifunza kusema huku anaimba, na Pelléas yote inataka hicho.

Wengi huiona opereta kama ngazi ya kupandia, ukishafika juu unaisukuma kwa mguu. Yeye hakufanya hivyo. Mwaka 1911 alikuwa Ramiro wa kwanza katika L'heure espagnole, opera ya Ravel, yule mwenye nyumbu anayebeba saa kubwa za kusimama mabegani, akipanda na kushuka ngazi, hata wanaume wakiwa wamejificha ndani yake. Mwaka 1914 akawa Mârouf, fundi viatu wa Cairo, katika opera yenye jina hilo, kutoka hadithi za Alfu Lela Ulela ambazo hata sisi tumekua nazo.

Kisha mwaka 1923, akiwa na miaka 54, akarudi kwenye opereta: Ciboulette ya Reynaldo Hahn, katika jumba la Théâtre des Variétés. Aliimba Duparquet, mtumishi wa soko kuu la Paris, mzee mcheshi anayetatua mambo ya vijana. Katikati ya vichekesho anafichua kwamba yeye ndiye Rodolphe wa zamani, yule mshairi wa hadithi ya La Vie de bohème, aliyempenda msichana aitwaye Mimi akafiwa naye. Hapo mwimbaji lazima aitoe simanzi bila kuuvunja wepesi wa mchezo. Kati ya majukumu yake yote, hilo ndilo ningetoa chochote nimwone akilicheza.