Kipimajoto Hakijafa: Vifaa vya Kupikia Bia Nyumbani Hapa Tabora

Vifaa vingi vya kupikia bia nyumbani huja na maelekezo yaliyoandikiwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, katika nchi ambako maji ya bomba hutoka yakiwa baridi. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya matatizo tunayohangaika nayo hapa Tabora siku ya kupika hayatokani na ubovu wa chombo, bali na mahali chombo kilipo. Mfano ulio wazi ni kipimajoto. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Mpwa wangu, ambaye hunisaidia kupika, alikitazama kimeganda kwenye 96 huku sufuria ikitokota, akasema, "Mjomba, hiki kimekufa, tununue kingine." Kilikuwa kizima kabisa. Anayetaka kukihakiki akitumbukize kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo, ambako kinapaswa kusoma 0, kisha kwenye maji yanayotokota, ambako kinapaswa kusoma 96. Kikipishana kwa kiasi kilekile mara zote mbili, bado kinafaa, mradi tofauti hiyo iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwake.

Usahihi huo unahitajika kwa sababu kimea cha shayiri huloweshwa kwenye nyuzi 65 hadi 68, na nyuzi chache tu juu ya hapo zinatosha kuifanya bia ibaki nzito na tamu. Kimea cha mtama kina shida nyingine, kwani wanga wake hulainika kwenye joto la juu kuliko wa shayiri, joto ambalo huanza kuviua vimeng'enya vyenyewe, yaani vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mama zetu wanaopika pombe za kienyeji wamelitatua jambo hili zamani: huchemsha uji kwanza, wakauacha upoe, ndipo wakatia kimea.

Mtama huohuo ndio unaoziba chujio, kwa kuwa hauna maganda ya kutosha kuacha njia ya maji, hivyo machicha hushikamana na koki ikaanza kudondosha matone. Wengi hukimbilia kufungua koki zaidi, jambo linalozidi kuyakandamiza machicha chini. Inafaa kuifunga, kuyakoroga machicha taratibu kutoka juu, kuyaacha yatulie kwa muda, kisha kuifungua kidogo sana. Dawa ya kudumu ni maganda makavu ya mpunga, yale yanayorundikana kwenye mashine za kukoboa na kuchukuliwa na wafyatuaji wa matofali kuchomea tanuri. Yakioshwa vizuri na kuchanganywa na kimea, hayaongezi ladha yoyote. Wanaochujia kwa kitambaa watumie cha pazia jepesi kilichofuliwa na kuchemshwa, na wasithubutu kutumia chandarua, kwa kuwa vyandarua vingi huwekwa dawa ya kuua mbu.

Kuhusu gesi, moto ukinywea katikati ya uchemshaji ilhali mtungi bado una uzito, mtu hulaumu regyuleta kabla ya kuugusa mtungi wenyewe. Jiko kubwa likifyonza gesi kwa kasi kutoka mtungi wa kilo 6, gesi iliyomo ikiwa kimiminika hupoa kadiri inavyogeuka kuwa hewa, na mgandamizo hushuka. Mtungi huwa baridi mkononi na pengine hutoa jasho nje. Usimamishe wima kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, si ya moto, au uhamie kwenye mtungi wa kilo 15. Moto wa njano unaotia masizi ni jambo jingine: mara nyingi ni vumbi au utando wa buibui kwenye tundu la hewa, na husafishwa kwa brashi baada ya gesi kufungwa na jiko kupoa. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kazi ngumu kuliko zote ni kupoza. Koili ya shaba, yaani bomba lililozungushwa ambalo huzamishwa kwenye sufuria na kupitishiwa maji, haiwezi kuyashusha maji ya kimea chini ya joto la maji yanayopita ndani yake, na mwezi wa Oktoba maji ya tangi lililo juani huwa ya vuguvugu tangu asubuhi. Hakuna koili itakayokufikisha nyuzi 20 kwa maji hayo, hata ukiirefusha mara mbili. Mimi huitumia kuondoa joto kali tu, kisha huhamishia sufuria iliyofunikwa kwenye beseni la maji yenye barafu. Viungio kati ya mpira wa maji na koili vibaki nje ya sufuria, kwa sababu klipu iliyolegea hudondosha maji yasiyochemshwa ndani ya bia, na uharibifu huo hauonekani siku hiyo.

Haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha kiasi cha sukari kwenye maji ya kimea, nayo husoma pungufu kwenye sampuli ya moto. Nyingi hupimwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo sampuli ya nyuzi 30 huongezewa takriban 0.002, lakini ya moto zaidi ya hapo ni bora ipozwe kwanza kuliko kukisiwa.

Kizibo cha maji, kile kijibomba cha juu ya ndoo ya kuchachushia kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, kisipotoa viputo siku ya pili baada ya kutia hamira, usimwage kitu wala kuongeza hamira. Kandamiza mfuniko wa ndoo kwa viganja viwili: viputo vikitoka kisha kiwango cha maji kikarudi sawa upesi, hewa inapita kwenye ukingo, na mpira wa mfuniko ndio wa kubadilishwa. Kama kuna povu juu ya bia na haidromita inashuka, hamira inafanya kazi, na mpira huo unaweza kusubiri hadi ndoo itakapokuwa tupu.