Oksidi ya shaba badala ya kimeng'enya: pale kihisi cha glukosi kinapoharibikia

Kihisi cha glukosi (sukari ya damu) kwa kawaida hutumia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko; hapa nafasi yake huchukuliwa na chembe nano (ndogo mno) za oksidi ya shaba. Haziozi wala haziharibiki kwa joto kama kimeng'enya, ila zina sharti gumu: zinataka alkali. Kazi hufanyika ndani ya sodiamu haidroksidi ya 0.1 M (moli 0.1, yaani gramu 4, kwa lita). Damu ina pH ya 7.4 hivi, kwa hiyo sampuli lazima ichanganywe na alkali kwanza. Anayedai kupima damu moja kwa moja kwa shaba tupu, muulize pH.

Sugua elektrodi ya kaboni-kioo ya milimita 3 kwa unga wa alumina wa mikroni 0.3, halafu 0.05, ukizungusha mkono kwa umbo la tarakimu nane. Isuuze, kisha ijaribu kwenye myeyusho wa ferisianidi (chumvi ya kupimia elektrodi) ukipandisha na kushusha volteji: vilele viwili vya mkondo vikiachana zaidi ya milivolti 100, rudi ukasugue.

Changanya miligramu 2 za oksidi na mililita 1 ya maji na ethanoli nusu kwa nusu, ongeza mikrolita 20 za Nafion (plastiki ya kugandisha chembe) ya asilimia 5, weka kwenye beseni la mawimbi ya sauti dakika 30. Dondosha mikrolita 5 juu ya elektrodi. Hapa ndipo wengi huharibu. Tone likikauka haraka, chembe hukimbilia ukingoni na kuacha pete nyeusi, katikati peupe. Elektrodi mbili za siku moja zitatoa majibu tofauti. Lifunike kwa bika iliyopinduliwa likauke polepole. Tone la pili si dawa: tabaka nene hubanduka.

Elektrodi ikiwa ndani ya alkali, zungusha volteji kati ya volti 0 na 0.7 mara 20, kisha ishikilie kwenye volti 0.55 dhidi ya elektrodi rejea ya fedha na kloridi yake. Subiri mkondo utulie kabisa. Haraka hapa hukuzalishia ngazi za uongo, yaani mipando ya mkondo isiyotokana na glukosi. Kwenye mililita 20 za alkali inayokorogwa, kila mikrolita 20 za glukosi ya 0.1 M huongeza takriban 0.1 mM (milimoli kwa lita). Glukosi hiyo iyeyushe kwenye maji, kwani ndani ya alkali hugeuka taratibu kuwa fruktosi na manosi.

Na fruktosi ndiyo aibu ya shaba: inaisoma kama glukosi. Kujaribu asidi askobiki (vitamini C) peke yake na kutangaza kwamba kihisi kinachagua vizuri ni kujidanganya.

Kwa kihisi cha haidrojeni peroksidi, chembe za fedha kwenye bafa ya fosfeti (myeyusho unaoshikilia pH) hufaa zaidi, kwa volteji hasi. Oksijeni nayo hupokea elektroni kwenye volteji hiyohiyo na kuongeza mkondo, basi pitisha nitrojeni dakika 15 kabla ya kupima, na iendelee kufunika uso wa kimiminika. Chupa ya asilimia 30 huanza na karibu 9.8 M lakini hushuka ikikaa, hivyo usiamini lebo. Zimua, pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 240, gawanya kwa 43.6: kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita 1, ufyonzaji wa 0.436 ni 10 mM.