Siku moja na wanafunzi wangu wa ufundi wa maji, Moshi

Saa 12:00 asubuhi. Chai, kiporo cha ndizi, daladala. Julai Moshi ni baridi na mlima umejifunika, basi.

Saa 2:00. Vijana wanapima mteremko uwanjani kwa mpira wa levo, yaani mpira mwangavu uliojaa maji: kila mita 20, kushuka sentimita 4 tu. Kundi moja limeacha kiputo cha hewa ndani ya mpira, na vipimo vyote vimekuwa uongo. Nimewaambia wamwage maji waanze upya. Wamenuna.

Saa 4:30. Darasani: migodi ya zamani ya madini ya risasi (lead), Derbyshire, Uingereza. Mchimbaji akifuata mshipa wa madini kwenda chini, mwisho anakutana na maji, na hapo ndoo na pampu za mkono hazifui dafu. Wenzetu walishuka bondeni, chini kuliko mgodi, wakachimba handaki linalopanda taratibu hadi kwenye madini. Likishatoboa, maji yanajiondokea usiku na mchana, bila kuni wala mafuta. Mholanzi Cornelius Vermuyden alianza lake 1632. La Hillcarr lilianza 1766 likakamilika 1787, kama kilomita 7. Wachimba mahandaki walilipwa sehemu ya madini yaliyookolewa majini. Hapo darasa likaamka.

Saa 5:15. Ubishi. Maji ya handaki la Cromford yalisaidia kuendesha kiwanda cha pamba cha Richard Arkwright, kilichojengwa 1771. Handaki la Meerbrook, lililoanza 1772 chini zaidi, baadaye likayavuta maji hayo. Familia ya Arkwright ikaenda mahakamani, na 1839 ikashindwa: maji ya kukausha mgodi si mto, aliyechimba hakuahidi yatiririke milele.

"Si haki, mwalimu," akasema binti wa Kibosho. "Kwetu mfongo, mfereji wa asili wa maji, una ukoo wake, lakini aliyezoea kumwagilia migomba hakatiwi hivihivi."

Mwenzake wa Machame akamkatiza: mfongo ulichimbwa kuleta maji, handaki lilichimbwa kuyafukuza. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya dakika kumi kuhusu hukumu ile, nikayaacha.

Saa 8:00. Mtori, na kusahihisha madaftari.

Saa 9:30. Kijana mmoja amenifuata ofisini. Amesikia kwamba maji ya Meerbrook hadi leo yanapelekwa majumbani. "Sasa si watu wanakunywa risasi?" Swali la maana. Miamba ya kule ni ya chokaa, na kwenye maji magumu ya chokaa madini ya risasi huyeyuka kidogo mno. Hata hivyo hayaingii bombani bila kusafishwa na kupimwa. Hakuridhika. Kesho analeta chupa ya maji ya bomba la kwao, tuanze kupima ugumu.