Mgumu wa chini kabisa kwenye nguzo

Splash Mountain, mchezo wa mitumbwi wa bustani ya Disney, ilipofungwa kule Florida, Januari 2023, kuna watu walichota maji yake, wakayatia kwenye chupa na kuyatangaza mtandaoni yauzwe. Maji! Yale yale yaliyokuwa yakizunguka mferejini na kuwarukia abiria wakiporomoka na mtumbwi wao. Niliposoma habari hiyo nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepata mchumba. Siku hizi sicheki sana. Kila usiku bando likiruhusu naingia kwenye mabishano ya mashabiki wa michezo ya Disney, na nimeanza kuwaelewa, jambo linalonitia wasiwasi kidogo.

Niseme mapema kwamba huko sijafika. Naishi Moshi, kazi yangu ni kujibu barua pepe za wageni katika ofisi ndogo ya safari, na michezo hii yote nimeipanda kwa macho tu, kupitia video za watu wanaorekodi tangu foleni hadi mlango wa kutokea. Nilianza kwa sababu ya kazi. Wageni wa Marekani, hasa wenye watoto, hupenda kuandika kwamba wameshapanda Kilimanjaro Safaris, sasa wanataka ile ya kweli. Nikataka kuijua hiyo nyingine ikoje.

Iko Disney's Animal Kingdom, bustani ya Florida iliyofunguliwa Aprili 1998. Unapita kwanza katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kuta zake zimechakazwa makusudi zifanane na za mji wa pwani yetu, matangazo ya Kiswahili yamebandikwa huku na kule. Kisha unapanda lori la wazi, unazungushwa kama dakika ishirini kati ya twiga, tembo na simba walio hai kabisa. Mibuyu ni ya zege. Barabara nayo ni zege, imetiwa rangi ya udongo na kupitishiwa matairi ikiwa mbichi ili ibaki na makorongo. Nilimwonyesha dereva wetu mmoja, mtu ambaye shokapu zinammalizia mshahara. Akaangalia hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo hawa wanalipia mashimo?"

Lakini kilichoniganda kichwani ni hadithi yake. Zamani safari hiyo ilikuwa na kisa. Mkiwa katikati, redio ya lori inakoroma: majangili wameingia hifadhini, wanamtafuta tembo mama anayeitwa Big Red na mtoto wake Little Red. Dereva anaacha njia, lori linakimbizana na majangili, na mwishoni wanakamatwa na mtoto yuko salama. Kabla ya ufunguzi kulikuwa hata na sanamu la tembo aliyeuawa. Watu wa majaribio wakaona limezidi, likaondolewa. Kisha mwaka 2012 kisa chote kikatupwa. Mahali pa mwisho wa mbio zile wakawekwa pundamilia.

Mashabiki wengi ninaowasoma hawasikitiki. Wanasema kilichosha, redio inapiga kelele wao wanataka kupiga picha ya twiga. Sawa. Ila mimi nikitazama mwaka huo naona kitu kingine. Sensa za wanyama zilionyesha Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja mwaka 2009, na kufika 2014 walibaki kama 43,000. Yaani kisa cha majangili kiliondolewa Florida katikati ya miaka ile ile ambayo huku kwetu mizoga ilikuwa inahesabiwa kwa ndege. Sidhani kuna aliyekusudia. Walikuwa wanaboresha foleni na picha, basi. Lakini katika kijiji chote kile cha kubuni, jangili alikuwa ndiye mtu wa kweli kuliko wote.

Mabishano yenyewe yana pande mbili zisizochoka, kama Simba na Yanga. Upande mmoja haugusiki: mchezo ubaki ulivyokuwa walipoukuta wakiwa na miaka sita. Upande wa pili humtaja Walt Disney mwenyewe, aliyesema Disneyland haitakamilika kamwe maadamu ubunifu umebaki duniani. Wamegombana hivyo juu ya Pirates of the Caribbean, mchezo wa mwaka 1967, ambao kwanza maharamia waliacha kuwakimbiza wanawake, halafu baadaye ule mnada wa maharusi nao ukaondolewa. Huo siuingilii. Mnada wa wanawake ukiondolewa kwenye mchezo wa watoto mimi sina la kujadili.

Jungle Cruise ndiyo iliyonigusa nyumbani.

Ilikuwepo tangu siku Disneyland inafunguliwa California, Julai 1955. Mashua inapita kwenye mto wa kutengenezwa, kona hii ni Afrika, kona ile ni Asia. Walt alitaka wanyama hai, akaambiwa mchana watalala au watajificha, wageni wasione kitu. (Dereva yeyote wa Serengeti angemwambia hivyo kwa bei ya soda.) Basi wakatengenezwa wanyama wa mitambo. Mwaka 1964 ikaongezwa sehemu ambayo mashabiki wengine huiapia: faru mwenye hasira amewapandisha watu wa msafara juu ya nguzo. Juu kabisa yuko mzungu na kofia yake ya kikoloni. Chini yake wamepangana wapagazi Waafrika, na wa chini kabisa ndiye aliye jirani na pembe.

Januari 2021 kampuni ilitangaza kuibadilisha, na kelele zilizofuata mnaweza kuzikisia. Ni utani tu. Mbona hata mzungu anachekwa. Babu yangu alinipakata kwenye mashua ile. Hii ya tatu ndiyo ya kweli, na kila mara ikitokea najikuta nimemsamehe mwandishi nusu. Hatetei faru wala wapagazi. Anatetea paja la babu yake.

Baba yangu alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, enzi ambazo mzigo ulipimwa kwa macho. Siku hizi kuna mizani getini na kikomo cha kilo 20. Yeye anasema magoti yake yanajua historia. Jumapili iliyopita, tulipomaliza machalari, nikamwonyesha ile video ya zamani ya nguzo. Nikasubiri akasirike ili nipate la kuandika. Mzee akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Faru kawaweza," akasema. Akaomba nirudishe nyuma. Akatazama tena, safari hii simu ameisogeza karibu. "Mizigo iko wapi?"

"Mizigo gani, baba?"

"Hawa wote wamepanda mti. Mizigo wameiacha chini na faru. Hapo ikikanyagwa, nani atakatwa? Huyo wa juu?"

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nimewaza heshima, picha ya Mwafrika, maneno makubwa makubwa. Mtu aliyebeba mahema ya watu miaka mingi anaona mara moja kwamba hapo kuna deni, na anajua litaangukia wapi.

Nikamwonyesha mpya. Tangu katikati ya 2021 walio juu ya nguzo ni wasafiri wa mataifa mbalimbali: wataalamu wa mimea na wadudu, msanii, na nahodha wao ndiye yuko chini karibu na pembe. Ni nzuri, inachekesha, hakuna anayedhalilishwa. Mimi naiunga mkono kuliko ile ya kwanza na sitabishana na mtu. Baba akaangalia kwa makini kisha akauliza, "Na hawa nani anawabebea?"

Hakuna. Ndiyo jibu lenyewe, hakuna. Msafara mzima barani Afrika, bila mbebaji hata mmoja. Wapagazi hawakupandishwa juu, hawakupewa jina, hawakupewa hata nafasi ya kumsukuma bosi akutane na faru, ambayo nadhani ingekuwa bonge la utani. Walikuwa aibu, wakafutwa. Na jangili wa Harambe alichosha, akafutwa. Nimeanza kuona kwamba hapa ndipo mimi ninapotofautiana na pande zote mbili: wanagombania kubadilisha au kutobadilisha, wakati mimi nauliza kwa nini kila fundi akija kurekebisha lazima aje na kifutio tu.

Hata Splash Mountain. Ilijengwa juu ya filamu ya 1946, Song of the South, inayoyapaka sukari maisha ya mashambani kule Kusini mwa Marekani, na kampuni yenyewe haikuwahi kuiuza kwa kanda za nyumbani Marekani. Kwamba mchezo ule ulihitaji kuondoka, naelewa. Mwaka 2024 ukafunguliwa mpya wa Tiana, binti mfalme mweusi, na nimeona video za watoto wa kike weusi wakimpungia mkono. Sina ugomvi na Tiana hata chembe. Ila mhusika wa ule wa zamani, yule sungura anayewashinda mbweha na dubu kwa akili, ni wa kwetu kwa asili. Watu waliouzwa utumwani walivuka naye bahari kwa sababu hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Bibi alitusimulia kuhusu kisima ambacho sungura alikataa kushiriki kukichimba, akawa anaiba maji usiku, mpaka kobe akapakwa ulimbo mgongoni na kumnasa. Marekani kisa kile kilikuwa na mtu wa lami. Kwenye mchezo, lami ikabadilishwa kuwa asali na nyuki kwa sababu ile sanamu ya lami ilikuwa imegeuka tusi. Sasa asali imeondoka, na sungura kaondoka nayo. Kwenye Splash Mountain ya Tokyo bado yupo, nasikia foleni ni ndefu.

Wageni wakisoma hapa watadhani Moshi hatuna mambo yetu. Mnakumbuka 2019, serikali iliposema inafikiria kuweka magari ya kamba mlimani? Wagumu, waongozaji na wenye kampuni wakaja juu: ajira zitakwenda wapi, mgeni atapanda na kushuka siku moja, nani atahitaji mpishi, nani atahitaji hema? Hadi leo sijaona nguzo hata moja, lakini likitajwa ofisini kwetu kazi husimama. Mimi ni wa kambi ya wasiotaka kabisa. Ule mlima unapandwa kwa miguu, polepole, na mtu wa Marangu mbele yako.

Nilimwambia baba hivyo hivyo, nikijua nitaungwa mkono.

"Ikija nitapanda," akasema.

"Baba! Na wagumu?"

"Wagumu wapewe kazi kwanza, waandikiwe. Hapo usiwaachie kirahisi. Lakini mimi nataka kuiona Horombo tena, na kwa miguu hii siioni." Akanyanyua goti moja kunionyesha, kana kwamba silijui. "Mzawa watamtoza shilingi ngapi?"

Nikasema haijajengwa, bei itatoka wapi. Akasema basi mimi ni mtu wa ofisi, niulize. Mama akadakia kutoka jikoni kwamba yeye hapandi kitu kinachoning'inia hata kikiwa bure, na kama baba anataka Horombo aende na huyo faru wake. Tukaendelea kubishana hadi gari la mwisho la kushuka mjini likakaribia kuniacha.