Nyekundu ya Tucumcari

Jumamosi, saa tano asubuhi. Nimelala masaa manne tu maana nimerudi na lori alfajiri, ila kanvasi iko juu ya meza ya jikoni tangu wiki iliyopita na kila nikipita kwenda kwenye friji naiona, basi nimechemsha strungi nimekaa nayo. Leo sijagusa brashi hata kidogo, naandika tu.

Kwa ambao hamjui, mi nachora mabango ya zamani ya barabarani, yale ya taa za neon, ya moteli na vibanda vya chakula, kwa rangi za akriliki. Nimeanza kama miaka mitatu hivi. Naishi Albuquerque, jimbo la New Mexico huku Marekani, na Route 66, ile barabara kuu ya zamani ya kwenda California, inapita katikati ya mji, wenyewe wanaiita Central Avenue, kwahiyo hata nikienda kununua unga napita chini ya mabango ambayo watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuyapiga picha. Kuna moja la mgahawa unaitwa Dog House, mbwa mrefu kama soseji, usiku mkia wake unatikisika kwa taa. Nililichora hilo mara mbili, zote mbovu.

Ubovu wenyewe ulikuwa huu. Nilinunua tyubu ya pinki ile inayowaka, nikajua basi kazi imeisha, neon si ndo hiyo, nikaipaka hivohivo juu ya kanvasi nyeupe. Ikatoka kama tangazo la saluni. Nikaongeza pinki. Ikazidi kuwa saluni. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba rangi haiwezi kuwaka kuliko karatasi, kinachofanya taa iwake ni giza la pembeni yake, kwahiyo sehemu kubwa ya kuchora neon ni kuchora giza, na giza lenyewe usilitoe kwenye tyubu ya nyeusi maana linakuwa kama shimo, bora uchanganye bluu ya ultramarini na kahawia iliyoungua, linapata uhai.

Halafu akriliki nayo ina vituko vyake. Ikiwa mbichi ina weupe weupe kama maziwa, ni ile gundi yake, ikikauka maziwa yanaondoka na rangi inashuka inakuwa nzito, so unachokiona saa hii sicho utakachokikuta ukirudi kutoka chooni. Na huku tuko mita kama 1,600 juu ya bahari, hewa kavu balaa, rangi inakauka kwenye sahani kabla hujachovya mara ya tatu. Nimejitengenezea kikopo cha plastiki cha wali wa kununua, chini natandika tishu zilizolowa, juu karatasi ya kuokea keki, rangi inakaa mbichi siku mbili.

Mjomba wangu angecheka. Yeye alikuwa anaandika vibao Morogoro, bucha, saluni, duka la dawa, "HATUKOPESHI", kwa rangi ya mafuta kutoka kwenye kopo. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika uzi. Tulikuwa tunaupaka chaki, yeye upande ule mi upande huu, tunauvuta, anaudunda pah, mstari umenyooka. Halafu anaandika kwa mkono mtupu bila kupima. Kitu kimoja alichokuwa anakirudia mpaka kikaniingia ni kwamba herufi ya duara lazima ivuke mstari kidogo, juu na chini, ukiibana sawasawa na wenzake jicho linaiona imesinyaa. Hakusoma popote, aliona tu. Nami nilijaribu rangi yake hiyo hapa ndani, inateleza vizuri kuliko akriliki, wallahi, lakini harufu ilijaa nyumba nzima mpaka jirani akagonga mlango.

Sasa hii ya mezani ni Tucumcari, mji mdogo hukuhuku New Mexico. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Texas na mzigo, masaa yakaniishia. Huku sheria ni masaa 11 tu ya kuendesha, baada ya hapo upumzike 10 mfululizo, na kompyuta ya kwenye lori inahesabu, hakuna cha kumbembeleza trafiki. Kwenye I-40, barabara kuu mpya, kabla hujafika kuna mabango makubwa yameandikwa TUCUMCARI TONITE!, maneno yenyewe ni ya enzi zile kila familia yenye gari ilikuwa inakimbilia California kupitia hapo. Nikaegesha kituo cha malori, nikavaa jaketi, nikatembea kwa mguu mpaka barabara ya zamani.

Mji umenyauka. Moteli nyingine zimebaki nguzo na fremu tu, mirija ya vioo imevunjwa, bango limebaki bati na matundu. Barabara kuu mpya ikipita pembeni mji ndo unakuwa hivo, na Route 66 yenyewe, iliyoanza 1926, ilifutwa rasmi kwenye orodha 1985. Halafu ukisogea unakuta moteli ya Blue Swallow bado inawaka. Mbayuwayu wa bluu juu ya bango, nyumba ya pinki, kila chumba na gereji yake pembeni, na chini bango linajitapa eti 100% Refrigerated Air. Imejengwa 1939. Kuna mama aliiendesha kuanzia 1958 mpaka 1998, Lillian Redman, miaka arobaini mtu yuko kaunta, na inasemekana mgeni akiwa hana hela walikuwa wanachukua hata kitu chake kama malipo au wanamwacha alale bure. Nilivyokuwa nimesimama pale nje nimechoka, nanuka dizeli, hiyo habari ilinigusa kuliko mbayuwayu.

Ila nilichotaka kuandika leo ni kuhusu ile nyekundu.

Miaka yote hii mi nachora kutoka kwenye picha za simu. Na kwenye simu mrija wa neon katikati ni mweupe pe, pembeni ndo una rangi, kwahiyo nami naweka mstari mweupe katikati halafu nyekundu kando, na kila mtu anayechora neon mtandaoni anafanya hivohivo, ukiangalia video za mafunzo ni kitu kile kile. Sasa nimesimama chini ya bango, mchana ndo unaishilizia, anga bado ina bluu kidogo, naangalia kwa macho yangu, mrija mwekundu ni MWEKUNDU. Mpaka katikati. Nyekundu yenye chungwa ndani, kama kaa la moto likipulizwa. Weupe haupo. Ule weupe ni kamera imezidiwa na mwanga, imeshindwa kusoma, ikaweka nyeupe. Yaani miaka mitatu nachora makosa ya simu.

Na kumbe gesi ya neon yenyewe inajua rangi hiyo moja tu, hiyo nyekundu ya kaa. Mfaransa Georges Claude alivyoionyesha Paris mwaka 1910 ilikuwa hiyohiyo. Ile bluu ya mbayuwayu si neon kabisa, ni gesi nyingine, agoni, na tone la zebaki, na rangi nyingine zinatokana na kioo au unga uliopakwa ndani ya mrija. Ndo maana havifanani hata tabia, nyekundu ina ukali wa ukingo, bluu inatawanyika kama moshi. Na vyote vinavuma kidogo, transfoma ile, kama friji la zamani usiku.

Nikakaa pale karibu saa nzima. Kuna dakika chache baada ya jua kuzama ambapo unaona vyote viwili, taa inawaka na bati bado linaonekana, kutu, rangi iliyobanduka, skrubu. Giza likishaingia kabisa bati linapotea unabaki na maandishi yanaelea. Mi nazitaka zile dakika. Bango lililowekewa LED mpya halina hicho kitu, mwanga wake umelala bapa kama stika, wanaofanya hivo wanaokoa umeme najua, bado inaniuma.

Basi niliporudi nikafuta katikati yote, yaani nikapaka giza upya, nikaanza kupandisha nyekundu nyepesi kama strungi, tabaka juu ya tabaka, nangoja ikauke, nyingine, kama saba hivi. Nyeupe nimeiweka sehemu moja tu, kioo cha dirisha la ofisi. Halafu ule mwanga unaoangukia kwenye bati, hapo ndo nilikaa siku mbili, maana nyekundu ikiangukia bati la bluu haiwi nyekundu, inakuwa zambarau chafu fulani ambayo siwezi kuirudia hata ukinilipa.

Kwa mara ya kwanza inawaka. Nikazima taa ya jikoni kuihakiki, nikajicheka, si umeme huo.

Juzi nikampigia picha mjomba WhatsApp. Shikamoo, nikamwelezea habari za gesi, Paris, kamera, matabaka saba, sauti ya dakika nne. Kimya. Leo asubuhi ndo kajibu: "Marahaba mjomba. Hiyo O ya MOTEL imesinyaa."

Nimechukua rula. Imekaa sawasawa na M na T, haijavuka hata nywele.