Ruzuku Haikunijengea Nyumba, Ilinirudisha Shambani Kwangu

Nikikaa na watu, hasa wale ambao hawajawahi kulala wakiliwaza daftari la madeni la duka, swali halikawii: "Miaka yote hiyo ulikuwa TASAF, mbona hatuoni kitu?" TASAF ni mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, na kitu wanachotaka kuona ni bati. Ninacho cha kuonyesha, ila hakipigwi picha.

Niliingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2015, huku Singida vijijini. Baba watoto alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, ameniachia watoto wanne: mdogo bado wa kliniki, wawili wa shule ya msingi, na mkubwa ndiyo kwanza kidato cha kwanza. Majina yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Langu lilipofika, bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Huyo kweli," na mkutano mzima ukaitikia. Jamani, kuthibitishwa umaskini bila hata mmoja wa kupinga si jambo dogo. Nilicheka kwa aibu, nikaenda kuandikishwa.

Hela yenyewe ilikuja kila baada ya miezi miwili, na kila awamu ya malipo tuliiita dirisha. Kwangu, kwa hesabu ya watoto, ilikuwa Sh 50,000 na kitu kwa mkupuo. Gawanya kwa siku 60, kisha kwa vinywa vitano, uone kama kuna mtu anajenga hapo.

Washauri hawakukosekana. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. "Shemeji, fuga kuku. Kuku wa Singida wana jina, malori yanawafuata huku huku kuwapeleka Dar es Salaam. Baada ya mwaka utakuwa na kuku 100." Akanichorea hesabu chini kwa kijiti: kuku mmoja mayai kadhaa, vifaranga kadhaa, kuzidisha. Kwenye ile michoro hakuna kuku aliyekufa hata mmoja.

Dirisha la kwanza lilipofunguliwa, hela yangu karibu yote ikaishia kwenye matetea kumi na jogoo mmoja mwekundu mwenye majivuno. Banda nikalijenga mwenyewe kwa miti na miiba. Yalipita majuma matatu hivi ya raha. Halafu, mwezi wa kumi joto likiwa kali, asubuhi moja nikakuta tetea mmoja amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi cha kijani. Jioni shingo ikaanza kupinda kama anatafuta kitu mgongoni. Nikamwita shemeji. Akatazama, akaguna kama daktari, akasema nisage pilipili na shubiri niwaweke kwenye maji. Nikasaga mpaka macho yakavimba. Kuku hawakuyanywa, na sikuwalaumu. Kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, hakiogopi pilipili. Ndani ya siku nne waliisha tisa, baadhi yao niliwachinja wakiwa wamebakiza pumzi.

Ndiyo, tuliwala. Watoto walikula nyama siku nne mfululizo wakadhani tumetajirika. Harufu nayo haina mipaka, na siku ya tano pale kisimani nikasikia jirani akisema, "Wengine hela ya serikali wanaimaliza kwa supu ya kuku." Sikumjibu. Ningeanzia wapi? Nilibaki na tetea mmoja na yule jogoo, ambaye nadhani aligoma kufa kwa kiburi tu.

Dirisha la pili sikulishika hata. Mwenye duka alikuwa ananisubiri. Nilishaandikwa kurasa mbili: chumvi, sabuni ya kipande, mafuta ya kupima, kalamu. Bei ya daftari na bei ya mkononi kwake hazikuwa ndugu, kila mtu analijua hilo, lakini asiye na hela mkononi hachagui. Nikalipa, akachora mstari, nikakopa tena siku hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyeliona, na mimi mwenyewe nililiona nikiwa nimeinama, jembe mkononi, katika shamba la mtu.

Huku mvua ni moja kwa mwaka. Tunapanda Desemba, tunapalilia Januari na Februari, na miezi hiyohiyo ndiyo ghala tupu. Kwa hiyo mwenye njaa anakwenda kibarua. Nilikuwa napalilia mashamba ya wenzangu kuanzia alfajiri, langu nikilifikia mahindi yamekuwa ya njano na magugu yameyapita kimo. Navuna magunia mawili. Mawili hayo hayavuki Krismasi. Januari nipo tena mlangoni kwa watu. Bado kuna lile debe la Februari ambalo unakopa moja unarudisha mawili wakati wa mavuno, kwa hiyo hata hayo magunia mawili hayakuwa mawili. Binti yangu wa darasa la tano naye alikuwa hakosi kubaki nyumbani siku mbili tatu kwa wiki kumshika mdogo wake. Sharti la mpango lilikuwa watoto wahudhurie shule, la sivyo unakatwa, na kweli nilishakatwa. Niliona uchungu wa hela, ila sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto.

Siku hiyo, nikiwa katikati ya mstari wa mahindi ya mtu, nikajiuliza: huyu ananipa kama Sh 2,000 kwa siku. Mimi nikijilipa hizohizo kwa kupalilia la kwangu, nani atanikataza?

Dirisha lililofuata likaangukia vizuri, ndani ya Januari. Sikupita dukani. Nilizunguka nyuma ya kanisa kama mwizi, nikafika nyumbani, nikafunga mlango. Nikatoa kanga mbili kuukuu na kuzifunga mafundo kwenye pindo, kila fundo lina Sh 2,000, siku moja ya kazi. Yalitoka mafundo 20 na zaidi. Kanga nikazizika kwenye mtungi wa mbegu za maboga. Sheria ilikuwa hivi: jioni nikitoka shambani kwangu, kama nimemaliza mistari niliyojipangia, nafungua fundo moja, nanunua unga na mboga. Kama sijamaliza, fundo halifunguliwi, tunakula viporo. Watoto walilijua hilo. Wa darasa la tatu alikuwa ananisimamia kuliko mnyapara: "Mama, ule mstari wa mwisho umeruka magugu."

Wifi alikuja siku ya tatu kutaka nimwazime Sh 10,000. Nikamwambia hela imekwisha, nimeajiri kibarua. "Kibarua gani na wewe?" Nikamwambia ni mwanamke mmoja mvivu kidogo, ila anakubali kulipwa kidogo kidogo. Aliondoka akiniona nimechanganyikiwa.

Shamba lenyewe liko mita chache kutoka nyumbani, kwa hiyo yule mdogo alicheza kivulini na binti akaenda shule siku zote. Sikukatwa tena. Nilipalilia mara mbili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu baba yao aondoke. Nikavuna magunia matano na madebe mawili. Kwa wenye trekta hayo ni ya kuchekwa, mimi nilikaa chini nikayahesabu tena.

Dirisha la wakati wa mavuno nalo nililitumia kinyume cha watu. Mahindi yanakuwa bei ya kutupa, wengi wanauza kulipa madeni. Nikaongeza gunia moja la kununua, nikalifungia ndani pamoja na yangu. Mwaka uliofuata, Februari ilipofika, bado tulikuwa tunakula ugali wetu. Mwenye duka nilimlipa mwezi uleule wa mavuno, akatafuta kalamu ya kuchora mstari akaikosa, tukachora kwa mkaa.

Kazi za muda za mpango nazo nilizifanya zilipokuja, Sh 2,300 kwa siku, tukachimba lambo. Humo ndipo nilipozipata hela za sare na daftari za mkubwa, maana ada ilifutwa 2016 lakini miguu ya mtoto haijui hilo, inaendelea kukua na viatu vinaisha.

Kuku? Nilirudi. Yule jogoo bado alikuwepo. Safari hii nilimuuliza mtaalamu wa mifugo kwanza, akaniambia chanjo ya kideri ni tone moja kwenye jicho la kuku, inarudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi sana na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo mwenye kuku wawili anaona hasara. Nikapita nyumba saba, tukachanga hela ya chumvi tu kila mmoja, tukachanja wote alfajiri kabla hawajafunguliwa mabanda. Yule jirani wa supu alishika miguu, mimi nikatia tone. Sijui kwa nini wanaosema "fuga kuku" hawaanzi na hilo tone.

Siku hizi jina langu limeshatoka kwenye orodha, wanaita kuhitimu. Hakukuwa na joho.

Februari hii shemeji alikuja na gunia tupu amelikunja kwapani. Alizunguka kwanza, akasifia kuku, akauliza afya za watoto, mmoja mmoja. Nikamsaidia: "Shemeji, unataka debe?" Nikampimia, nikalisawazisha juu kwa kiganja. Akauliza wakati wa mavuno arudishe ngapi. Nikamwambia moja. Akasimama pale mlangoni kidogo, kisha akauliza, "Hutaniandika popote?"

Nikamwambia mimi sina daftari.