Siku ya kazi nimelala, siku hakuna kazi nimekwenda

Jamani leo nina hasira na Kiingereza, na si kile cha skuli, kile nakijua, Wete kwetu Pemba nimesoma mpaka fomu siksi na mitihani nimepasi. Nasema hichi cha mdomoni cha huku Leicester, Uingereza, hivi vitenzi vyao vyenye mkia, kitenzi na kijineno nyuma yake.

Ijumaa usiku msimamizi wa ghala kanitumia meseji: "Saturday's shift called off, will put you down for Sunday." Nikaisoma mara tatu. Call ni kupiga simu, off ni kuzima, basi nikaona wanatwambia tuzime simu kazini. Hiyo put you down ndo ilonitia uchungu, put kuweka, down chini, yaani Jumapili wananishusha, nimewakosea nini mie? Jumamosi saa 11 alfajiri niko kituoni, baridi inakata masikio, nauli ya basi paundi 3 kwenda na 3 kurudi, ipigeni wenyewe kwa shilingi, hela hiyo Wete na Chake Chake unakwenda unarudi mpaka utingo akakuzowea. Nafika geti limefungwa, hata paka hayupo. Jumapili nikanuna, nikalala zangu. Jumatatu naitwa, eti kwa nini "you didn't turn up"? Kumbe called off ni kazi imefutwa, na put you down ni jina langu limeandikwa! Na hiyo turn up nayo, mie najua ni kuongeza sauti ya redio, kumbe ni kutokea kazini. Ujira ushakwenda na jina lishachafuka.

Kinachoniudhi, barua za serikali nazisoma bila ya taabu. Postpone, cancel, tolerate, ndo tulofundishwa kwa fimbo. Huku ghalani hakuna anosema postpone, wanasema put off, na tolerate ni put up with. Ukibadilisha mkia tu na maana ishahama, put on kuvaa, put out kuzima moto. Na mkia wenyewe hautulii, mara call off the meeting, mara call the meeting off, mara call it off, ukisikiliza mwanzo wa sentensi ukaridhika umekwisha.

Alonisaidia ni bibi mmoja wa kizungu, maana katikati ya wiki nafanya kazi ya kuangalia wazee. Siku moja mzee mwenzake kalegea kwenye kiti, nesi akasema "he's passed out". Mie nikachanganya na passed away, nikaanza Inna lillahi kwa sauti, mzee kafumbua macho ananitazama. Kazimia tu maskini. Bibi alicheka mpaka akapaliwa, na tangu siku ile kila chai ya saa 10 ananipa kitenzi kimoja, wala hanisahihishi mbele za watu. Na mie nikamfunza piga: piga pasi, piga picha, piga deki, piga mbizi, na hakuna aliyepigwa. Akanambia basi na nyie mna wazimu wenu. Wallahi sikuwahi kulifikiria.

Nyie mlioko Pemba mnaohangaikia viza, kozi ya mtihani wa Kiingereza someni, viza nyingi bila ya cheti hampiti, lakini wekeni daftari jengine la vitenzi hivi, na msiandike put mbali na off mbali, andikeni pamoja kama neno moja na sentensi mliyoisikia. Na ukiulizwa umefahamu usitikise kichwa kwa haya, haya zetu huku zinakatwa kwenye mshahara.

Jana imeingia meseji nyengine ya msimamizi: "Saturday's back on." Nikamjibu, nije nsije? Akajibu yes, come. Sasa si angeandika hivyo tangu mwanzo.